SOMO LA REDIO: MCHEZO WA KRIKETI, NA TIMU ILIYOFUFUKA

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa katika redio. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wayasome polepole pamoja na waalimu wao. Katika chumba cha redio alikuwapo mwanafunzi mmoja, fundi seremala, naye aliruhusiwa kuuliza maswali kila alipoona haja.)

MWALIMU: Shikeni madaftari yenu na kalamu, maana leo tuna hadithi na hesabu pamoja.

Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja, mpishi katika nyumba ya wageni huko pwani. Bwana huyu alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Anasema hivi: mwezi wa pili mwaka wa 2023 aliamka alfajiri kuwasha jiko, akawakuta wageni wanne, Waingereza, wameketi barazani wamezunguka simu moja. Walikuwa wamekesha. Mara wakapiga kelele, wakashika vichwa, halafu wakasimama wote wanne wakapiga makofi. Mpishi akadhani timu yao imeshinda, akawapa hongera. Mmoja akamjibu, "La, tumeshindwa." Basi mpishi anauliza: watu gani hawa wanaopiga makofi kwa kushindwa? Na mchezo gani huu wa siku tano?

Maswali mazuri. La pili tutalijibu kwanza, maana bila hilo la kwanza haliwezi kueleweka.

Mchezo wenyewe ni kriketi. Wengi wenu mmepata kuuona Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, watu waliovaa nguo nyeupe katika uwanja mpana, wengine wamesimama tu kama waliopotea njia. Na Wakenya watakumbuka kwamba mwaka wa 2003 timu yao ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mchezo huu, baada ya kuwafunga Sri Lanka palepale Nairobi. Kwa hiyo si mchezo wa mbali kama watu wanavyodhani.

Sikilizeni namna unavyochezwa. Kila upande una watu 11. Katikati ya uwanja kuna ardhi iliyoshindiliwa ikawa ngumu, urefu wake karibu mita 20. Kila mwisho wake vimesimamishwa vijiti vitatu, na juu yake vimewekwa vijiti viwili vidogo vya kulala. Hiyo ndiyo wiketi. Mtu wa upande mmoja hutupa mpira kwa mkono ulionyoka, akitaka kuiangusha wiketi. Mtu wa upande wa pili husimama mbele ya wiketi na gongo la mti, akiulinda mlango wake. Gongo hilo wengine huliita bati, lakini bati kwetu ni la kuezekea nyumba, basi mimi nitasema gongo.

FUNDI: Mwalimu, mti gani?

MWALIMU: Ni mti uitwao wilo, Fundi. Ni mwepesi, nao haupasuki upesi ukigongwa.

Akiupiga mpira mbali, mpigaji hukimbia mpaka upande wa pili, na hapo timu yake hupata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi mpakani mwa uwanja, wamepata mikimbio 4 bila kukimbia. Ukiruka mpaka bila kugusa ardhi, wamepata 6. Lakini wiketi ikiangushwa, au mpira ukidakwa hewani, mpigaji ametoka, na mwenziwe anaingia. Wakitoka kumi, zamu yao imekwisha. Mipira sita inayotupwa na mtu mmoja huitwa ova. Neno hilo tutalitumia sana.

Sasa, iko kriketi fupi inayokwisha kwa saa tatu au kwa siku moja. Lakini iliyo kongwe huitwa Testi, nayo huchezwa kati ya mataifa kwa siku tano. Kila timu hupata zamu mbili za kupiga. Na hapa, ndugu zangu, tieni alama katika madaftari: ili ushinde Testi haitoshi kuwa na mikimbio mingi. Kwa kawaida ni lazima pia uwatoe wapinzani wako mara mbili, yaani wiketi 20, kabla ya siku ya tano kuchwa, isipokuwa wamefunga zamu yao kwa hiari. Saa zikiisha kabla hujawatoa, mechi ni sare, hata kama ulikuwa mbele kwa mikimbio mia tatu.

FUNDI: Yaani siku tano nzima, halafu hakuna mshindi?

MWALIMU: Hakuna mshindi, Fundi. Na watu walilipa kiingilio.

Sheria hiyo ndiyo iliyozaa woga. Timu inayoona itashindwa hujikinga tu. Mpigaji huuzuia mpira miguuni pake, hapigi, hakimbii, anangoja jua litue. Ni halali kabisa, na wako mafundi wa kazi hiyo ambao wazee wa kriketi huwaheshimu sana. Mimi mwenyewe nimepata kuona uzuri wake. Lakini timu ikizoea kujikinga kila siku husahau hata namna ya kushinda.

Timu ya Uingereza ilifikia hapo. Kati ya mwaka wa 2021 na mwanzo wa 2022 ilicheza Testi 17 ikashinda moja tu. Andikeni: 17, na 1. Mwishoni mwa 2021 walikwenda Australia kupigania Majivu. Jina hilo lina kisa chake. Mwaka wa 1882 Australia iliwafunga Waingereza mjini London, na gazeti moja likaandika tangazo la mzaha kwamba kriketi ya Uingereza imekufa, maiti itachomwa, na majivu yake yatapelekwa Australia. Tangu siku hizo mataifa hayo mawili hugombea kile wanachokiita Majivu, na chombo chenyewe ni kidogo hata ungekitia mfukoni.

Katika safari hiyo walicheza mechi tano, wakafungwa nne na kutoka sare moja. Mjini Melbourne, katika zamu yao ya pili, timu nzima ilitoka kwa mikimbio 68. Sasa fikirini hali ya shabiki aliyebaki Uingereza. Melbourne iko mbele ya London kwa saa 11, kwa hiyo mchezo ulianza karibu na usiku wa manane, katika baridi ya Desemba. Mtu alikesha na redio chini ya blanketi asikie wiketi zikianguka, asubuhi akaenda kazini macho mekundu. Mwezi wa tatu wakafungwa tena, huko Grenada katika visiwa vya West Indies. Mwezi wa nne nahodha Joe Root akajiuzulu. Alikuwa mpigaji bora wa nchi yake, lakini unahodha ulikwisha mchosha.

Hata kiangazi kilipofika, siku chache kabla ya mechi ya kwanza ya Lord's mjini London, tiketi nyingi zilikuwa hazijanunuliwa. Watu walinung'unika kwamba bei ni kubwa. Nadhani bei ilikuwa nusu tu ya habari. Mtu hulipa bei kubwa kwa furaha, lakini hapendi kununua huzuni hata kwa bei ndogo. Na jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko timu moja, maana katika nchi nyingi watoto wamezoea kriketi fupi yenye muziki na taa, na wazee walianza kuuliza kama Testi itakuwako wajukuu wao watakapokuwa watu wazima.

Basi wakatafutwa watu wawili. Nahodha mpya akawa Ben Stokes, aliyezaliwa New Zealand na kuletwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka 12. Ni mtupaji na mpigaji pia. Mwaka wa 2021 alikuwa ameacha kucheza kwa miezi kadhaa ili aitunze afya ya akili yake, akasema hivyo mbele ya watu bila kuona haya. Mwalimu wa timu akawa Brendon McCullum, nahodha wa zamani wa New Zealand. Huyu katika mechi yake ya mwisho, mwaka wa 2016, alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 54, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo upesi zaidi katika Testi. Watu humwita Baz kwa kifupi, na magazeti yakaubandika mtindo wake jina la Bazball. Mwenyewe halipendi neno hilo, basi nasi tuliache.

FUNDI: Walileta wachezaji wapya?

MWALIMU: Hilo ndilo swali, Fundi. Wengi walikuwa walewale. Root alibaki, akapiga vizuri kuliko alipokuwa nahodha. Jonny Bairstow alibaki. Watupaji wakongwe James Anderson na Stuart Broad, walioachwa nyumbani katika safari ya West Indies, waliitwa tena. Lililobadilika ni maagizo. Wachezaji waliambiwa kwamba mtu akitoka kwa sababu alijaribu kupiga, hatalaumiwa. Na nahodha akatangaza kwamba hatafuti sare.

Mechi za kwanza zilikuwa na New Zealand, nchi ya mwalimu mwenyewe. Huko Lord's Uingereza ilishinda kwa wiketi tano zilizobaki, Root akipata 115 bila kutoka. Watu walisema, vema, bahati. Hayo mengine yalitokea Nottingham, katika uwanja wa Trent Bridge, kuanzia tarehe 10 mwezi wa sita mwaka wa 2022. Na hapa nitakaa kidogo.

New Zealand walianza kupiga, wakapata mikimbio 553. Kwa desturi timu inayokabiliwa na hesabu ya namna hiyo hutafuta sare na kushukuru Mungu. Uingereza wakajibu 539. Root alipata 176, na kijana Ollie Pope 145. Walipiga upesi, na huko kupiga upesi kulibakiza muda. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Siku ya tano ilikuwa Jumanne, siku ya kazi. Wenye uwanja wakafanya jambo la busara: wakafungua milango bure. Yeyote aliyetaka aliingia bila kulipa. Walikuja watoto na wazazi wao, wanafunzi, wafanyakazi, na wazee wenye vikapu vya chakula. Uwanja ukajaa. Siku ya tano ya Testi mara nyingi huwa na viti vitupu na njiwa, lakini siku hiyo hata njiwa hawakupata nafasi.

New Zealand wakatoka katika zamu ya pili kwa 284. Uingereza wakatakiwa kupata mikimbio 299 katika ova 72. Haya, Fundi, gawanya.

FUNDI: Mia mbili tisini na tisa kwa sabini na mbili... Nne na kitu kidogo.

MWALIMU: Sawa. Nne na kidogo kwa kila ova, muda wa mchana kutwa, na wachezaji wamechoka, na ardhi imepasuka. Ni kazi ngumu. Wakati wa chai walikuwa wamepata 139, na watu wanne wamekwisha toka. Wakabakiwa na 160 katika ova 38. Nahodha wa zamani zile angesema: tujikinge, tupate sare, tusiharibu ushindi wa Lord's. Yeyote aliyekuwa uwanjani angekubali.

Baada ya chai Bairstow alitoka kama mtu aliyekumbuka kwamba nyumba yake inaungua. New Zealand wakamtupia mipira mifupi ya kuruka kifuani, wakaweka wadakaji mbali mpakani wamngoje. Akaipiga juu ya vichwa vyao. Akapiga tena. Mara 7 siku hiyo aliurusha mpira nje ya mpaka, ukaangukia katika watu, na kila ulipoanguka watoto waliugombania wakaurudisha. Alifikisha mia kwa mipira 77. Mwingereza aliyepata kufanya hivyo upesi zaidi katika Testi ni Gilbert Jessop, mwaka wa 1902, kwa mipira 76. Miaka 120, na tofauti ni mpira mmoja! Stokes upande wa pili akapata 75 bila kutoka, huku akichechemea.

Zile 160 walizipata katika ova 16. Gawanya tena, Fundi.

FUNDI: Kumi kamili. Kumi kwa kila ova!

MWALIMU: Kumi kamili. Mechi iliisha zikiwa zimebaki ova 22, na jua lipo juu. Haki isemwe pia: New Zealand walimkosa mtupaji wao mrefu Kyle Jamieson, aliyeumia mgongo katikati ya mechi. Mwenye kusimulia ushindi asifiche jambo la namna hiyo.

Sasa nieleze kwa nini kushambulia kunafaa, maana wengi hudhani ni ujasiri tu, au wazimu. Mpigaji anapojikinga, nahodha mpinzani huwasogeza watu wake karibu naye, wakamzunguka kama watu wanaovizia kuku. Mpira ukigusa ukingo wa gongo kidogo tu, unadakwa. Lakini akianza kupiga kwa nguvu, wale wadakaji hawana budi kurudishwa mbali mpakani ili kuzuia zile 4 na 6. Hapo karibu na mpigaji panabaki wazi. Mpira unaogusa ukingo huenda pasipo mtu. Na akiugusa taratibu anapata mkimbio mmoja wa bure. Kwa hiyo hatari ya kupiga ipo, lakini hatari ya kujikinga nayo ipo, ila haionekani.

Jambo la pili ni muda. Mikimbio ikipatikana upesi, saa hubaki nyingi za kuwatoa wapinzani wale 20. Mfano bora ni wa Rawalpindi, Pakistan, Desemba 2022. Siku moja kabla ya mechi wachezaji wengi wa Uingereza walikuwa wagonjwa, ikawa mashaka kama mechi itaanza. Ikaanza. Jioni ya siku ya kwanza walikuwa na mikimbio 506, na watu wanne walikuwa wamefikisha mia kila mmoja. Hakuna timu iliyowahi kufika 500 katika siku ya kwanza ya Testi. Na ardhi ile ilikuwa laini mno kwa wapigaji, imelala kama mkeka, hata Pakistan nao walijibu 579. Mechi ya namna hiyo haikosi kwisha sare. Lakini siku ya nne, wakati wa chai, Stokes akafunga zamu yake kwa hiari, akawaambia Pakistan: haya, tafuteni 343, nafasi mnayo. Aliwapa njia ya kushinda ili nao waache kujikinga. Siku ya tano jua linazama, giza linaingia, dakika chache zimebaki, wiketi ya mwisho ikaanguka. Uingereza walishinda kwa 74.

FUNDI: Mwalimu, hiyo ni kamari.

MWALIMU: Ni kamari, Fundi, ila yenye hesabu. Kama asingewapa nafasi ya kushinda, wangemalizia siku kwa kuzuia mipira.

Niliruka mbele, turudi kidogo. Baada ya Nottingham walikwenda Leeds. Huko walikuwa wametoka watu sita kwa mikimbio 55, yaani wameanguka kabisa. Bairstow akasimama na Jamie Overton, kijana aliyekuwa akicheza Testi yake ya kwanza, wakaongeza 241 wawili hao. Bairstow ni mtu wa jimbo lile la Yorkshire, na siku ya mwisho alimaliza mechi kwa kupiga 6 mbele ya watu wa nyumbani. Kisha India, Birmingham, mwezi wa saba. Uingereza walitakiwa kupata 378, hesabu ambayo hawajapata kuifikia katika historia yao yote ya kukimbiza. Walifika na watu saba bado hawajatoka. Root 142, Bairstow 114. Walifungwa mara moja na Afrika Kusini huko Lord's, wakafungwa vibaya, lakini mechi mbili zilizofuata wakashinda.

Hesabu ya mwaka ule chini ya Stokes: mechi 10, ushindi 9. Sasa tazameni daftari lenu mahali mlipoandika 17 na 1.

Mashabiki walifanyaje? Walirudi. Lipo kundi moja liitwalo Barmy Army, lililoanza katika safari ya Australia ya mwaka wa 1994 na 1995, ambalo hufuata timu popote na kuimba hata ikifungwa, na tarumbeta lao huongoza nyimbo. Hao hawakuwa wameondoka. Waliorudi ni wale wengine, watu wa kawaida waliokuwa wamezoea kuuliza matokeo jioni tu. Waliogopa kwenda kula wasije wakakosa kitu. Na wako wazee ambao hawakupenda. Walisema mtu anayepiga kila mpira hana adabu, na kwamba ipo siku atalipa.

Siku hiyo ilikuja zaidi ya mara moja. Mwezi wa sita mwaka wa 2023 Australia walikuja Birmingham. Siku ya kwanza, Root akiwa na 118 na bado anapiga vizuri, Stokes alifunga zamu kwa 393 watu wanane wakiwa wametoka. Siku ya kwanza! Alitaka watupaji wake wapate ova chache jioni ile. Australia walishinda mechi siku ya tano, wamebakiwa na wiketi mbili tu. Mpaka leo ukitaja siku ile mbele ya Waingereza wawili, watakunywa chai yote ya birika hawajakubaliana. Mimi naona alikosea. Mikimbio 30 zaidi ingetosha. Lakini najua pia kwamba mtu anayefunga zamu mapema ndiye yuleyule aliyeifunga Rawalpindi, na huwezi kumnunua nusu. Majivu ya mwaka ule yaliisha mbili kwa mbili, na mvua ya Manchester iliwanyima Waingereza mechi waliyokuwa wameishika. Mwaka wa 2024 walikwenda India wakafungwa mechi nne katika tano. Na mwezi wa 11 mwaka wa 2025, Perth, Australia, mechi iliyopangiwa siku tano iliisha kwa siku mbili, na walioshindwa ni Uingereza. Hapo wale wazee walikuwa na mengi ya kusema, na mengine yalikuwa kweli.

FUNDI: Basi wale wageni wa mpishi?

MWALIMU: Ndiyo, tusimsahau mpishi wetu. Asubuhi ile aliyoamka kuwasha jiko ilikuwa mechi ya Wellington, New Zealand. Tarehe 28 mwezi wa pili mwaka wa 2023. Kwetu alfajiri, kwao alasiri ya siku ya tano.

Uingereza walikuwa wamefunga zamu yao ya kwanza kwa 435. New Zealand walitoka kwa 209. Tofauti 226. Ukiwa mbele namna hiyo, sheria inakuruhusu kuwaambia wapinzani warudie kupiga papo hapo, usiingie wewe. Watu wenye tahadhari hawafanyi, maana watupaji wao wamechoka. Stokes alifanya. New Zealand wakarudi wakapata 483. Uingereza wakatakiwa 258. Root akapata 95. Wiketi zikaanguka, mikimbio ikapungua: inatakiwa 20, inatakiwa 10, inatakiwa 7. Mtu wa mwisho kuingia alikuwa Anderson, mzee wa miaka 40, mtupaji, si mpigaji. Akapiga moja ikafika mpakani. Zikabaki 2 za kushinda, 1 ya kulingana. Neil Wagner akatupa mpira ukapita kiunoni, ukagusa gongo, mlinda wiketi akaudaka. Jumla 256. Walishindwa kwa mkimbio mmoja. Katika Testi zote tangu mwaka wa 1877 jambo hilo lilikuwa limetokea mara moja tu, Adelaide, mwaka wa 1993.

Wale wageni wanne walikesha usiku mzima, kama walivyokesha wenzao majira yale ya Melbourne. Katika zile mechi 17 walikuwa wakijua usiku wa pili kwamba hakuna la kungoja. Usiku huu walingoja mpaka mpira wa mwisho, hawajui, na mpira ule ungeweza kwenda popote. Ndiyo maana walisimama. Waliwapigia makofi New Zealand pia, nina hakika, maana mwenye kujua kriketi hawezi kuwanyima.

FUNDI: Mimi ningelia.

MWALIMU: Wengine walilia, Fundi. Mpishi anasema baada ya makofi mmoja wao alishuka peke yake pwani hakurudi mpaka chai ilipopoa.

Kazi ya nyumbani. Andikeni sentensi tano juu ya siku ile ya Nottingham, kana kwamba mlikuwa mmeketi katika viti vile vya bure. Msinakili maneno yangu. Na hesabu: Uingereza walipata 657 katika ova 101 huko Rawalpindi, zamu ya kwanza. Je, ni mikimbio mingapi kwa kila ova, na inabaki mingapi? Juma lijalo tutasahihisha, kisha tutasoma juu ya kupima ubao na kukadiria bei, na Fundi ndiye atakayefundisha, mimi nitaketi. Kwa herini.